Madirisha ya Vioo vya Rangi: Yanavyotengenezwa, na Namna ya Kuijaribu Kazi Hiyo

Mtu ashukaye kutoka Nkubu kwenda Mitunguu, katika Imenti ya Kusini, huuacha ubaridi wa mlima nyuma yake akaingia katika nchi ya joto, nchi ya migomba na mipapai. Tangu maji ya mto Thingithu yalipoanza kuletwa mashambani kwa mabomba katika miaka ya 1980, jina la Mitunguu limekwenda mbali kwa sababu ya ndizi zake. Lakini iko mali nyingine huko isiyopakiwa katika lori wala isiyo na bei sokoni, nayo ni jua. Jua la Mitunguu ni kali, tena ni la mwaka mzima, na iko kazi moja ya mikono ambayo bila jua haina maana yo yote. Kazi hiyo ni ile ya madirisha ya vioo vya rangi.

Wengi wamepata kuyaona madirisha hayo makanisani, hasa mijini. Kanisa kuu la All Saints la Nairobi, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1917, linayo. Mtu huingia kutoka juani, hungoja kidogo mpaka macho yake yazoee kivuli, ndipo aonapo juu ukutani watu waliovaa nguo nyekundu na za samawati zinazong'aa kama makaa yaliyopulizwa. Watazamaji wengi hudhani ya kuwa picha ile imepakwa rangi juu ya kioo, kama fundi wa vibao apakavyo jina la duka. Sivyo. Rangi imo ndani ya kioo chenyewe, nayo iliingia humo kioo kilipokuwa kingali uji wa moto.

RANGI HUTOKA WAPI

Kioo hutengenezwa kwa mchanga safi, magadi na chokaa, vitu hivyo vikiyeyushwa pamoja katika moto mkali wa kadiri ya digrii 1,500 za sentigredi. Kazi ya magadi ni kuufanya mchanga uyeyuke upesi zaidi kuliko tabia yake, na kazi ya chokaa ni kukizuia kioo kisije kikayeyuka majini baadaye. Nchi ya Kenya haina upungufu wa magadi. Yale ya Ziwa Magadi yamechimbwa kwa biashara tangu miaka ya 1910, na viwanda vya kioo ni miongoni mwa wanunuzi wake wa siku zote.

Kioo kikiwa bado majimaji, hutiwa madini kidogo, na kila madini yana rangi yake. Kobalti hutoa samawati nzito. Shaba hutoa kijani au nyekundu, kwa kadiri ya moto na hewa iliyomo tanurini. Dhahabu, kwa kiasi kidogo mno, hutoa wekundu wa waridi, na hiyo ndiyo sababu kioo cha rangi hiyo ni ghali. Chuma hutoa kijani kama cha chupa, na chuma pamoja na salfa hutoa hudhurungi ya chupa ya bia. Kwa hiyo chupa iliyovunjika njiani ni kioo cha rangi kama kile cha kanisani. Tofauti yao ni unene, usafi na kazi ya mkono.

Baada ya kupata vioo vyake, fundi huchora picha kwanza juu ya karatasi kubwa, kwa ukubwa ule ule wa dirisha, akakitia kila kipande nambari. Kisha hukata. Kioo hakikatwi kama ubao. Fundi hukichora mkwaruzo mmoja kwa kijigurudumu cha chuma kigumu kilichochovywa katika mafuta ya taa, akiusikia ukilia kama kitambaa kinachoraruliwa, kisha papo hapo hukishika kwa mikono miwili na kukivunja kwa kukikunja chini. Mkwaruzo ukipitiwa mara ya pili, kijigurudumu huharibika na kioo hupasuka kinapotaka chenyewe. Tena ni lazima mkwaruzo uanze katika ukingo mmoja na kuishia katika ukingo mwingine. Kona ya kuingia ndani, kama ile ya herufi L, haikatiki kwa njia hii.

Jambo hilo dogo ndilo linaloifanya kazi hii iwe na sura yake. Mtu achoraye kwa penseli aweza kuanza mstari po pote na kuukomesha po pote. Katika vioo, kila mstari hauna budi kwenda mahali, ukakutane na mstari mwingine au ukafike kwenye fremu. Kijana aliyezoea kuchora vizuri daftarini mara nyingi hushindwa hapa mara ya kwanza, na yule aliyezoea kufuma vikapu au kupanga mawe ya ukuta hufahamu upesi zaidi.

Vipande vikiisha kukatwa, huunganishwa kwa mikanda myembamba ya risasi yenye mfereji kila upande, mfano wa herufi H iliyolazwa. Kila makutano hutiwa lehemu, na nafasi zilizosalia hujazwa udongo wa mafuta ili mvua isipenye. Nyuso, vidole na mikunjo ya nguo huchorwa kwa wino wa unga wa chuma uliochanganywa na unga wa kioo, na kipande huchomwa katika moto wa kadiri ya digrii 650 mpaka wino ushikamane nacho. Wako watu wasemao kwamba vioo vya kale ni vinene upande wa chini kwa kuwa kioo hutiririka polepole kama asali. Hayo si kweli. Mafundi wa kale hawakuweza kutengeneza kioo cha unene ulio sawa, basi.

PICHA ZA WATU WOTE

Desturi ya madirisha haya ilikua sana katika Ulaya miaka 800 iliyopita, wakati watu wengi wa huko hawakujua kusoma. Katika kanisa kuu la Chartres, nchi ya Ufaransa, madirisha mengi yalitengenezwa kati ya miaka 1200 na 1240. Juu yamo mambo ya Biblia na maisha ya watakatifu. Lakini atazamaye sehemu za chini, karibu na macho yake, huwaona waoka mikate wakiwa kazini, washona viatu, maseremala, wachinjaji na wachukuzi wa maji. Mtu maskini aliingia mle akaiona kazi yake mwenyewe imewekwa ndani ya mwanga. Watu wa Chartres waliyathamini mno hata mwaka 1939, vita ilipokaribia, waliyashusha yote kipande kwa kipande na kuyaficha, wakayarudisha vita ilipokwisha.

Isidhaniwe kwamba sanaa hiyo ni ya Ulaya peke yake, au ya makanisa peke yake. Mjini Addis Ababa, katika Jumba la Afrika lililofunguliwa mwaka 1961, yako madirisha makubwa matatu yenye eneo la meta za mraba 150 kwa pamoja. Mchoraji wake ni Mwethiopia, Bw. Afewerk Tekle, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki mwaka 2012, na ambaye alikuwa amesomea sanaa London. Picha zake zinaonyesha Afrika ya zamani, taabu na mapigano yake, na Afrika itazamiwayo. Katika jumba hilo hilo, mwezi wa Mei mwaka 1963, wakuu wa nchi za Afrika walitia sahihi mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na vioo hivyo vilikuwa vimekwisha kuwekwa.

Addis Ababa ni mbali, na si kila mtu wa Imenti atakayefika huko. Walakini ipo kazi kubwa ya sanaa ya hadhara iliyo njiani, kwa mtu asafiriye kutoka Meru kupita Embu kuelekea Nairobi na kukubali kukengeuka kidogo. Nayo ni michoro ya ukutani katika kanisa kuu la Mtakatifu James, Murang'a, mji uliokuwa ukiitwa Fort Hall. Si vioo, ni rangi juu ya ukuta, lakini ajifunzaye kazi ya vioo atafaidika sana kwa kuitazama kwanza. Kanisa hilo lilijengwa kuwa ukumbusho wa Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau, na michoro ilifanywa katika miaka ya mwisho ya 1950 na Bw. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu katika Kilimanjaro, aliyesoma Makerere. Iko michoro mitano: kuzaliwa kwa Yesu, kubatizwa kwake, karamu ya mwisho, Gethsemane na kusulubiwa. Watu wote waliomo ni Waafrika, na nchi iliyo nyuma yao ni ile ile ionekanayo nje ya mlango wa kanisa, yaani miteremko ya mashamba ya Kikuyu.

Katika siku zile jambo hilo lilikuwa zito. Nchi ilikuwa imetoka katika kumwaga damu, na ndugu walikuwa wamesimama pande mbili. Kuchora mateso ya Yesu katika vilima ambavyo watazamaji wenyewe walikuwa wameyaona mateso hakukuwa pambo tu. Mwaka 1965 Bw. Njau pamoja na wenzake walianzisha nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa huko Nairobi, mahali ambapo wachoraji wengi wa Afrika Mashariki walipata kuonyesha kazi zao. Nyumba hiyo iliungua moto mwaka 1997 na vitu vingi vikapotea. Michoro ya Murang'a haikuwa humo, ukuta hauhamishwi.

Kwa upande wa vioo hasa, watu wa Kenya hutajiwa Kitengela. Huko, katika uwanda ulio kusini ya Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, Bibi Nani Croze, mzaliwa wa Ujerumani, alianza kazi ya vioo vya rangi miaka ya 1970 ilipokuwa ikielekea ukingoni. Alijenga nyumba za sura ya ajabu zilizopambwa kwa vioo na vigae, na vijana wa huko wakajifunza kwake kukata, kuunganisha na kupanga. Baadaye mwanawe, Bw. Anselm Croze, alianzisha kazi ya kupuliza kioo cha moto. Jambo la kuangaliwa ni kwamba kioo kilichoyeyushwa huko kilitoka kwa sehemu kubwa katika vioo vya madirisha na chupa zilizotupwa. Taka za mji zikageuka kuwa bilauri, taa, na mabamba manene ya rangi ambayo yamewekwa katika majumba mengi nchini.

RISASI NI SUMU

Kabla ya kueleza jinsi mtu aliye kijijini awezavyo kuijaribu kazi hii, halina budi kusemwa jambo moja waziwazi. Mikanda ya risasi na lehemu yenye risasi ni sumu. Haiui siku ile ile, na kwa hiyo watu huidharau. Huingia mwilini kwa mikono isiyonawiwa, kwa vumbi na kwa moshi, ikakaa mifupani, na kwa watoto hudhoofisha akili daima. Mama mwenye mimba aweza kuipitisha kwa mtoto aliye tumboni.

Hayo si hadithi. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kuanzia mwaka 2007, na risasi ikaingia katika udongo na katika damu ya wakazi. Kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya kadiri ya shilingi bilioni 1.3. Kwa hiyo mtu asidanganyike akavunja betri ya gari ili ayeyushe risasi yake jikoni na kujitengenezea mikanda. Shilingi atakazookoa ni chache, na deni litalipwa na mtoto wake.

Kwa bahati njema iko njia nyingine isiyohitaji risasi hata kidogo. Katika miaka ya 1920 na 1930 mafundi wa Ufaransa walianza kuweka vipande vya kioo kinene ndani ya saruji badala ya risasi. Njia hii huleta madirisha mazito, yenye mistari minene myeusi na rangi nzito, na yafaa sana kwa nchi za jua kali. Kioo chembamba chenye rangi hafifu, ambacho hupendeza chini ya mawingu ya Uingereza, kikiwekwa Mitunguu saa nane mchana hugeuka kuwa mng'ao wa kuumiza macho. Kioo kinene hulimeza jua kwanza, ndipo kikalitoa.

Anayeanza atafute chupa za rangi mbalimbali, azioshe, na kuzivunja ndani ya gunia lililolowa, akiwa amevaa viatu na miwani ya kukinga macho. Achague vitako vya chupa, kwa maana ndivyo vinene na vilivyo bapa; mbavu za chupa ni nyembamba, zimepinda, nazo hazifai. Makali ya vipande yasagwe juu ya jiwe lililotiwa maji, ili vumbi la kioo lisiruke likaingia kifuani. Halafu atengeneze fremu ya mbao yenye sentimeta 30 kila upande na kina cha sentimeta 4. Isizidi hapo kwa mara ya kwanza, kwani bamba la ukubwa huo litakuwa na uzito wa kilo 6 hivi.

Chini ya fremu hutandazwa karatasi ya plastiki na juu yake mchanga uliolowa, unene wa sentimeta 1. Vipande hupangwa na kukandamizwa ndani ya mchanga huo kwa kufuata mchoro, pasipo kipande kimoja kugusa kingine. Kati ya kipande na kipande iachwe nafasi ya upana wa kidole, kwa sababu kioo na saruji hupata joto na kupoa kwa namna tofauti, na vipande vilivyobanana hupasuka. Vilaza nafasi hizo waya mwembamba usiogusa kioo. Kisha humiminwa saruji iliyochanganywa, kipimo kimoja cha saruji kwa vipimo vitatu vya mchanga uliochekechwa, mpaka karibu na uso wa vioo lakini isivifunike. Saruji mbichi huchoma ngozi, basi mikono ivishwe glavu au ioshwe mara moja.

Kesho yake, saruji ikiwa imeshika lakini haijawa ngumu kabisa, madoa yaliyo juu ya vioo hufutwa kwa kitambaa kilicholowa. Ndiyo saa ambayo watu wasio na subira huharibu kila kitu, maana hutamani kulinyanyua bamba walitazame juani. Liachwe. Lifunikwe kwa magunia yaliyolowa muda wa siku 7, na kumwagiwa maji asubuhi na jioni kama watu wafanyavyo kwa ukuta mpya. Baada ya hapo mbao hutolewa, mchanga hufagiwa, na bamba husimamishwa.

Kazi hii haimlishi mtu katika mwaka wake wa kwanza, na ni vema kijana ajue hivyo mapema. Watu wanunuao madirisha ya rangi ni wachache: makanisa, hoteli, shule moja moja, na wenye nyumba walio na fedha za ziada. Lakini bamba dogo lililokazwa kwa saruji katika ukuta wa duka au wa chumba cha ibada halihitaji mnunuzi tajiri. Na iwapo duka lina taa ya umeme, mambo hugeuka usiku: dirisha lililoonekana jeusi kwa watu wa nje mchana kutwa, sasa huwaka kwa wapitao njiani.

Limebaki swali la ukuta upi. Katika Ulaya ya kaskazini ukuta utazamao kaskazini karibu hauoni jua kamwe, na mafundi wa huko huweka humo rangi za upole. Mambo ya Imenti ni mengine. Mstari wa Ikweta hukatiza barabara kati ya Nkubu na mji wa Meru, na Mitunguu haiko mbali upande wa kusini. Kwa hiyo ukuta wa kaskazini hupata jua kati ya Machi na Septemba, na ule wa kusini hulipata kati ya Septemba na Machi, kama walinzi wapokezanao zamu. Saa sita mchana jua huwa karibu utosini na huangukia mabati, si madirisha, na upenu ukiwa mpana kioo hakipati kitu ila mwanga uliorudishwa na udongo mwekundu wa uwanjani. Rangi za hudhurungi na za manjano hung'aa vizuri katika ukuta wa mashariki, jua likiwa chini kabla ya saa tatu asubuhi. Samawati na kijani hustahimili ukuta wa magharibi, ambao jioni hupigwa na jua mpaka lifichwe na mlima.